Chakula cha Nyongeza Kinapoleta Shida: Kusoma Dalili za Mtoto wa Miezi 6 hadi 12

Mtoto anapokataa kula, anapoharisha au uzito wake unapoganda palepale miezi miwili mfululizo, jibu la mtaani huwa limekwisha kuandaliwa kabla ya swali kuulizwa. Mama ataambiwa kwamba mtoto amebemendwa, kwamba ana meno ya plastiki yanayotakiwa kung'olewa, au kwamba kimeo kimerefuka na hakina budi kukatwa. Majibu hayo hayafanani, lakini yote humwondoa mzazi mbele ya bakuli la mtoto, mahali ambapo chanzo cha shida za umri huu hupatikana mara nyingi sana. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia jikoni: unauliza kwanza umri wa mtoto, kisha uzito wa uji, idadi ya milo, usafi wa vyombo na namna mtoto anavyolishwa, huku ugonjwa ukitafutwa sambamba na hayo.

Zipo dalili ambazo hazisubiri uchunguzi wa jikoni. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka kirahisi, anayepumua kwa shida, mwenye damu kwenye choo, au aliyevimba miguu yote miwili anapaswa kupelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo. Mengine yote yanaweza kufuatiliwa kwa utaratibu ufuatao.

Analia na kuonekana hashibi kabla ya kutimiza miezi 6

Mtoto wa miezi minne akilia usiku, jamaa wengi huhitimisha kwamba maziwa ya mama hayamtoshi na kwamba umefika wakati wa uji. Kabla ya kukubali, mzazi ahesabu nepi: mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, anapata maziwa ya kutosha, na kilio chake kinatokana na jambo jingine. Umri wa miezi mitatu hadi minne mtoto hupitia vipindi vya kukua haraka na kutaka kunyonya mara kwa mara, na kunyonya huko ndiko kunakouambia mwili wa mama uongeze maziwa. Uji ukiingizwa hapo, mtoto hunyonya kidogo zaidi, maziwa hupungua kweli, na yule aliyesema hayatoshi huonekana alikuwa na haki tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi miezi 6 kamili, kisha chakula cha nyongeza huku kunyonyesha kukiendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Ikiwa nepi ni chache au mstari wa uzito umelala, shida ipo, lakini suluhisho ni kumwomba muuguzi atazame jinsi mtoto anavyoshika titi, kwa kuwa mtoto aliyeshika ncha ya chuchu tu hupata maziwa kidogo hata titi likiwa limejaa.

Anasukuma chakula nje kwa ulimi

Huyu wengi humhesabu kuwa amekataa chakula, ilhali mara nyingi hajajifunza bado. Mtoto mchanga huzaliwa na tabia ya kusukuma kwa ulimi kitu chochote kigumu kinachoingia mdomoni, na tabia hiyo hufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita. Mtoto anayeweza kukaa kwa kuegemezwa, anayeshikilia shingo vizuri na kunyoosha mkono kuelekea chakula cha wengine yuko tayari. Asiyefanya hayo akiwa na miezi 6 kamili apewe kijiko kimoja au viwili kwa siku bila kulazimishwa, na hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa amwone daktari. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti, ni busara kuuliza kliniki umri upi utumike katika kuhesabu.

Angalia pia kijiko chenyewe. Kijiko kikubwa cha mezani kikijazwa hadi juu humlazimu mtoto kutema, na lawama huenda kwa mtoto.

Anakula vizuri, tena anamaliza, lakini haongezeki uzito

Hili ndilo tatizo linalostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu kila kitu huonekana kiko sawa. Mama anapika uji kila siku, mtoto anakunywa kikombe kizima, tumbo linajaa, na bado kadi ya kliniki inaonyesha mstari uliolala.

Anza na uzito wa uji. Chota uji kwa kijiko, kisha uinamishe kijiko. Uji unaobaki juu ya kijiko na kuteremka polepole kama unavuta unafaa; uji unaomwagika papo hapo kama maji ni mwepesi mno, hata kama umepikwa kwa unga wa bei ghali. Hesabu yake ni hii: gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360, kwa hiyo mililita 100 za uji mwepesi uliotiwa gramu 7 za unga hutoa kama kilokalori 25, wakati kiasi hichohicho cha maziwa ya mama hutoa takriban 65 hadi 70. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza, na wa miezi 9 hadi 11 takriban 300. Ili apate hizo 200 kwa uji mwepesi, angelazimika kunywa mililita 800, ilhali tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 tu kwa mlo; na kila kikombe cha uji huo kinachukua nafasi ya maziwa yenye nguvu mara mbili na zaidi. Ndiyo maana mtoto anaweza kushiba huku akidhoofika.

Tiba ya kwanza ni kuongeza unga. Uji uliotiwa gramu 15 za unga kwa mililita 100, pamoja na kijiko kidogo cha mafuta ya kula ambacho peke yake kina kama kilokalori 40, unapita kilokalori 90 katika kiasi kisichofika nusu kikombe. Mama wengi hupinga kwa kusema kwamba uji mzito humkwama mtoto, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana uji wa nafaka ukizidi uzito huwa kama ugali mbichi na mtoto wa miezi 7 hawezi kuumudu. Hapo ndipo kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa, kinapofaa. Ulezi huchambuliwa, huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha huachwa umefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, huku ule wenye ukungu ukitupwa. Hukaushwa juani, hupikichwa ili vichipukizi vidondoke, na kusagwa. Pika uji mzito kama kawaida, uache upoe hadi uwe wa uvuguvugu, kisha koroga ndani yake kijiko kidogo cha kimea. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa ukisimama na mwiko hulegea na kuteremka kwenye kijiko, bila tone la maji kuongezwa, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huikata wanga vipandevipande. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo kwa ajili ya usalama. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota hutaona mabadiliko, kwani moto mkali huviharibu vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Mtama usitumike badala ya ulezi kwa kazi hii, maana machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sayanaidi.

Ikiwa uji ni mzito wa kutosha, hesabu milo. Miezi 6 hadi 8 ni milo 2 hadi 3 kwa siku, ikianzia vijiko viwili au vitatu vya chakula na kuongezeka hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni milo 3 hadi 4, pamoja na asusa moja au mbili kama kipande cha parachichi au ndizi mbivu. Watu wazima wengi hula mara mbili au tatu, na mtoto anayefuata ratiba yao hupungukiwa hata chakula kikiwa kizuri.

Kisha angalia aina za chakula. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni makundi 8: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde na karanga; maziwa na bidhaa zake; nyama, samaki na ini; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengine. Mtoto anapaswa kupata angalau makundi 5 kila siku. Hapa nina neno juu ya unga wa lishe unaouzwa sokoni ukiwa umechanganywa nafaka nne au tano, soya na karanga. Mahindi, ulezi, mtama na mchele vyote ni kundi moja, kwa hiyo kuvirundika pamoja hakumpi mtoto chochote kikubwa kuliko angekipata kwa ulezi peke yake. Soya isiyopikwa vizuri huzuia mmeng'enyo wa protini. Na unga wa karanga uliokaa wiki nyingi ndani ya mfuko huchacha. Ni afadhali kusaga nafaka moja au mbili, kisha karanga zilizosagwa, yai au maziwa yatiwe wakati wa kupika. Afadhali zaidi ni kuacha kuamini kwamba chakula cha mtoto ni uji peke yake: mtori wa ndizi na nyama iliyopondwa, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, maharage yaliyoondolewa maganda, na mchicha uliokatwa laini na kutiwa mafuta vyote vinatoka kwenye sufuria ya familia kabla ya pilipili na chumvi kuingia.

Mtoto ambaye yote haya yamerekebishwa na bado hapandi uzito kwa mwezi mzima anahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, maambukizi ya njia ya mkojo, virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa moyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupima mzingo wa mkono kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, na chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaotaka matibabu mara moja.

Viganja vimepauka na mtoto amekuwa mchovu

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na akiba ya madini ya chuma inayomtosha karibu hadi mwezi wa sita, na baada ya hapo maziwa ya mama hayawezi kuijaza. Linganisha kiganja chake na cha kwako na utazame utando wa ndani wa kope la chini. Chanzo cha kawaida ni chakula cha nafaka tupu kikifuatana na chai. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina kemikali zinazozuia madini ya chuma kufyonzwa, na kikombe cha chai na kipande cha mkate asubuhi ni mlo mbovu kwa mtoto wa miezi 9 hata kama anaupenda. Mpe ini la kuku lililopikwa vizuri na kupondwa mara moja au mbili kwa wiki, nyama ya kusaga, au dagaa. Dagaa waliokaushwa chini waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi mchanga uishe, watolewe vichwa, wakaushwe tena na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga wao kwenye maharage au viazi kinatosha. Tunda lenye vitamini C, kama papai au chungwa, likitolewa pamoja na mlo husaidia madini hayo kufyonzwa. Kiganja kilichopauka kabisa kinahitaji kipimo cha damu, na katika maeneo yenye malaria kipimo cha malaria hakiachwi.

Anakataa kula

Uliza amekataa tangu lini. Mtoto aliyekuwa akila na kuacha ghafla mara nyingi anaumwa: mafua yaliyoziba pua, masikio, homa, au utando mweupe mdomoni ambao ukifutwa huacha wekundu, yaani fangasi, ambao hutibika kwa dawa ya matone kutoka kituo cha afya. Meno yanayoota humpunguzia hamu kwa siku chache, lakini hayaleti homa kali wala kuharisha kwingi.

Mtoto ambaye hajawahi kupenda chakula ni suala jingine. Ladha mpya inaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 10 au zaidi kabla ya kukubaliwa, na mama anayeacha mchicha baada ya mara mbili hajaujaribu. Angalia kama mtoto amenyonya au kunywa juisi muda mfupi kabla ya mlo, kama kuna televisheni au simu mbele yake, na nani anamlisha. Halafu kuna desturi ya kumlaza mtoto mapajani, kumbana mikono na kummiminia uji mdomoni huku akilia, wakati mwingine pua ikiwa imebanwa ili ameze. Desturi hiyo inaweza kupeleka uji kwenye mapafu, na mtoto aliyepitia hayo kwa wiki chache huanza kulia akikiona kikombe tu. Akishafika hapo, dawa ni kuacha kulazimisha kabisa: akae wima pamoja na wengine, apewe kijiko chake na kipande laini cha kushika, anayemlisha amtazame usoni na kusubiri afungue mdomo, na mlo usipite dakika 30.

Anaharisha

Chakula cha nyongeza kinapoanza, choo hubadilika harufu na uzito, na hilo si kuharisha. Kuharisha ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Mtuhumiwa wa kwanza katika nyumba nyingi ni chupa ya kuhifadhia joto: uji hupikwa alfajiri, hutiwa humo ukiwa moto, na hadi saa tisa alasiri umekuwa wa uvuguvugu, joto linalopendwa mno na bakteria. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kilichobaki bakulini, ambacho kijiko cha mtoto kimeshaingia, kitupwe. Mtuhumiwa wa pili ni chupa ya chuchu, ambayo haisafishiki kirahisi kama kikombe kilicho wazi, na wa tatu ni mikono ya anayelisha, ambayo mara nyingi huoshwa kwa maji matupu bila sabuni.

Endelea kunyonyesha mara nyingi zaidi, mpe ORS, yaani dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kwa maji safi kulingana na maelekezo ya pakiti, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema. Usimnyime chakula, mpe kidogokidogo, na baada ya kupona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, au ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa ni alama za kupungukiwa maji, na huyo si wa kubaki nyumbani. Uvimbe mweupe kwenye fizi unaoitwa meno ya plastiki ni vichwa vya chonge za kawaida za mtoto, na kuzichokonoa kwa kifaa kichafu huongeza kutokwa na damu na maambukizi juu ya kuharisha kulikokuwepo.

Choo kigumu, au chenye rangi ya kutisha

Ndizi na wali vikitawala na maji yakisahaulika, choo hukauka. Mpe papai, embe au parachichi, na maji safi kwa kikombe baada ya kila mlo. Kipande cha sabuni kisiingizwe njia ya haja kubwa, kwani hujeruhi utando laini wa humo. Rangi ya chungwa baada ya karoti, ya kijani baada ya mchicha, na vipande vya maharage visivyosagika havina neno. Choo cheusi kama lami kwa mtoto asiyetumia dawa ya madini ya chuma, au cheupe kama chokaa, kinahitaji daktari.

Anapaliwa, au anakabwa

Mtoto anayejifunza kula hukohoa, hutoa ulimi, hutaka kutapika na kuwa mwekundu usoni. Huyo anajisaidia mwenyewe. Mwache akohoe na usimpige mgongo. Anayekabwa kweli huwa kimya: hakohoi kwa sauti, halii, midomo inageuka bluu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua na taya imeshikiliwa, umpige katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Chakula kisipotoka mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua mara 5, ukibadilishana hivyo hadi kitoke au msaada ufike. Akipoteza fahamu, anza kumfufua kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta usafiri. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka halibonyezwi, na kidole hakiingizwi kooni kutafuta kitu kisichoonekana. Karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, ubuyu wenye mbegu, pipi, karoti mbichi na samaki mwenye miiba visimkaribie.

Vipele, kuvimba midomo, kutapika baada ya chakula fulani

Wekundu kuzunguka mdomo baada ya nyanya au chungwa mara nyingi ni mwasho wa tindikali tu, na hupotea ukifutwa kwa maji. Mzio wa kweli huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vinavyoinuka mwilini, midomo au macho kuvimba, kutapika kwa kurudia. Kupumua kwa mluzi au kulegea ni dharura. Ili chanzo kijulikane, chakula kipya kianzishwe kimoja kimoja, kikipewa siku mbili au tatu kabla ya kingine. Asali isitolewe hata kidogo kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli ya mtoto.

Mayai, samaki na karanga visicheleweshwe kwa hofu ya mzio. Utafiti wa LEAP uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari kubwa ya mzio wa karanga, walioanza kuzila kabla ya mwaka mmoja, walipata mzio huo kwa kiwango kidogo sana kuliko walioepushwa nazo. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa yai amwone daktari kwanza. Wengine waanze na robo ya kijiko kidogo cha karanga zilizosagwa laini ndani ya uji.

Kwetu karanga zina tatizo jingine, nalo ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (ukungu), ambayo pia hupatikana kwenye mahindi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 Tanzania ilipata vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haiui papo hapo, lakini huharibu ini, nayo inahusishwa na udumavu. Kupika hakuiondoi. Kinachopatikana nyumbani ni kuchambua kabla ya kusaga: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye ukungu au zenye ladha chungu zitupwe, na zisipewe kuku, maana sumu huweza kurudi kupitia ini na mayai; karanga nzima zihifadhiwe zikiwa kavu kabisa juu ya chaga, na zisagwe kidogokidogo za kutosha wiki moja.